Nimechoka kuitunza maktaba yangu ya programu, nimkabidhi nani?

SWALI

Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa Arusha. Mwaka wangu wa mwisho chuoni niliandika maktaba ndogo (kifurushi cha programu ambacho programu nyingine hukitumia) kwa lugha ya Python, inayogeuza tarakimu za fedha kuwa maneno ya Kiswahili, yale yanayoandikwa kwenye hundi na stakabadhi. Ukiipa 1,340,500 inakurudishia "milioni moja, laki tatu, arobaini elfu na mia tano". Niliiweka GitHub, tovuti ya kuhifadhia programu, na PyPI, ghala watu wanakopakulia maktaba za Python, kwa leseni ya MIT, nikadhani habari imeishia hapo. Kumbe watu waliichukua. Kuna SACCOS moja Moshi inachapisha vocha kwa kuitumia, kuna shule Kitale imeiingiza kwenye mfumo wa karo, na mwaka jana aliniandikia mtu wa Lubumbashi akitaka niongeze faranga.

Sasa nimeoa, tuna mtoto mchanga, na kazi yangu ni kuhudumia mifumo ya maabara ya hospitali, zamu za usiku zikiwemo. Taarifa za hitilafu zimerundikana na sijazigusa tangu Ramadhani. Nikiona arifa ya GitHub kwenye simu naigeuza simu kifudifudi.

Hivi karibuni mtu nisiyemjua ameniandikia barua pepe. Anasema ana muda, anaipenda kazi yangu, yuko tayari kuichukua. Ametuma masahihisho mawili madogo na yako sawa. Anaomba nimpe haki ya kuchapisha kule PyPI moja kwa moja ili nisisumbuke tena. Baada yake wamejitokeza wengine wawili, nao siwajui, wakiandika hadharani kwamba nawachelewesha watu na kama nimechoka nimwachie mwenye nguvu. Nimeona aibu sana. Mke wangu anasema mpe, ulale. Nikimpa, jina langu litafutika? Na nisipompa, si itakuwa choyo tu?

Msomaji, Arusha

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa mtoto. Mkeo ana haki kuhusu usingizi: muda wa kuachia umefika, na kuachia ni halali yako. Ila huyo bwana usimpe haki ya kuchapisha wiki hii, wala mwezi huu.

Tuangalie kwanza anachokuomba. Msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, anao tayari. Uko wazi, na leseni ya MIT inamruhusu yeyote aunakili leo, aupe jina jipya na kuuendeleza bila hata kukuaga. Anachokosa ni jina la maktaba kule PyPI. Mhasibu wa Moshi anaposasisha mfumo wake, kompyuta inashusha chochote kilichochapishwa chini ya jina lile na kukiendesha kwa mamlaka yote aliyonayo mhasibu kwenye mashine ile. Hajasoma hata mstari mmoja, amekuamini wewe. Mwenye duka la dawa akimwachia mtu funguo, wagonjwa wanaendelea kumeza wanachopewa kwa sababu kibao cha mlangoni ni kilekile. Hicho ndicho unachokabidhi, na ndiyo maana nakuzuia usiharakishe.

Yaliyokufika yameshawafika wengine. Mwaka 2018 kulikuwa na maktaba ya JavaScript, lugha nyingine ya programu, inayoitwa event-stream, ikipakuliwa takribani mara milioni 2 kwa wiki. Mwandishi wake, Dominic Tarr, alikuwa haitumii tena kwa miaka. Mtu akamwandikia barua pepe akiomba kuitunza, naye akampa. Mwezi Septemba mtunzaji mpya akaiongezea kifurushi kingine kiitwacho flatmap-stream, na ndani ya hicho kukafichwa msimbo wa kuiba bitcoin za watumiaji wa pochi ya Copay. Hadi watu wanagundua ilikuwa Novemba. Simlaumu Tarr hata kidogo. Alikuwa akitunza kitu bure, kwa ajili ya watu asiowajua, na hakukuwa na utaratibu wowote wa kumsaidia kumpima aliyebisha hodi.

Kisa cha pili kinafanana na chako zaidi, kwa hiyo kisome polepole. Lasse Collin wa Ufini alikuwa akitunza xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kila kompyuta inayotumia mfumo wa Linux, na kwa miaka mingi aliitunza peke yake. Kuanzia 2021 mtu aliyejiita Jia Tan akaanza kumtumia masahihisho mazuri. Mwaka 2022 yakazuka majina mengine yakimshinikiza Collin hadharani: kazi inazorota, watu wanasubiri, mpe mwingine. Collin aliwajibu kwa uungwana kwamba anasumbuliwa na afya ya akili kwa muda mrefu na kwamba kazi ile haina malipo. Waliendelea kumbana. Jia Tan akawa mtunzaji mwenza, na Februari 2024 likatoka toleo 5.6.0 likiwa na mlango wa siri wa kuingilia seva za watu. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, mwezi uliofuata. Alikuwa akipima mambo mengine kabisa, akaona kuingia kwenye seva kwa ssh, njia ya kuifikia kompyuta ya mbali, kunachelewa kwa takribani nusu sekunde kuliko kawaida, akafuatilia. Tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu. Ule mlango ulikuwa umeshaingia kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, aina mbili za Linux.

Sasa irudie barua yako. Mmoja anaomba kwa upole, wawili wanafoka, wote watatu huwajui, na wote wanataka jambo moja. Huenda ni watu wema waliokosa subira tu. Lakini shinikizo la namna hiyo peke yake linatosha kukufanya usimame. Mtu anayeitaka maktaba yako kwa nia njema hapungukiwi chochote akifanya kazi miezi sita bila haki ya kuchapisha.

Utaniambia: dada, si Jia Tan naye alisubiri zaidi ya miaka miwili? Kweli, na hapo ndipo ushauri wa "mpime kwanza" unapofikia mwisho wake. Muda na kazi nzuri havitoshi kama mwishoni atabaki mtu mmoja na funguo zote. Kwa hiyo usitafute mrithi mmoja, tafuta wawili au watatu. Guido van Rossum alipong'atuka kuiongoza Python Julai 2018 hakutaja mrithi. Wanajamii walijadiliana, wakapiga kura, na mwanzoni mwa 2019 wakawa na baraza la watu watano. Yako ni ndogo, haihitaji baraza. Ila kanuni ya kwamba mmoja anaandika na mwingine anasoma kabla halijatoka haihitaji ukubwa wowote.

Na hao watu unao! Mwandikie fundi wa mfumo wa ile shule ya Kitale. Mwandikie wa Lubumbashi. Hawa wana jambo la kupoteza maktaba ikiharibika, wana kazi inayojulikana, na unaweza kuwapigia simu ya video ukawaona uso. Huyo bwana wa barua pepe mkaribishe pia, kwa masharti yaleyale. Kule PyPI kuna ngazi mbili: mtunzaji anaweza kupandisha matoleo lakini hawezi kualika wengine wala kufuta, mwenye mradi anaweza yote. Yeyote utakayemkubali aanzie ngazi ya chini, na hata hiyo aipate baada ya kumwona akifanya kazi zisizo na sifa: kumjibu mtu aliyekasirika, kuandika majaribio, kukataa kwa adabu wazo baya. Masahihisho mawili madogo hayasemi lolote juu ya hayo.

Mimi mwenyewe nilipokea maktaba ya kusoma taarifa za malipo ya simu kutoka kwa kaka mmoja wa Morogoro. Kwa muda mrefu alinifanya niwajibu watumiaji huku yeye akisoma kimya, na kila nilipotaka kubadili kitu aliniuliza ni nani atakayeumia. Wakati ule nilimwona mgumu. Leo kila anayeomba kusaidia kwangu namuuliza swali hilohilo.

Jambo la matoleo litengeneze kabla ya kumpa mtu chochote. Katika xz, sehemu ya hila haikuwemo kwenye hazina, yaani mahali msimbo na historia yake vinapotunzwa, ambayo watu waliweza kuisoma; ilikuwemo ndani ya furushi la toleo tu. Tangu 2023 PyPI inakubali toleo lijengwe na kuchapishwa na mashine za GitHub moja kwa moja kutoka kwenye hazina, bila tokeni (ufunguo wa siri wa kuchapishia) kukaa kwenye kompyuta ya mtu. Weka hivyo, kisha uweke sharti kwamba hakuna mabadiliko yanayoingia tawi kuu, yaani nakala rasmi ya msimbo, bila mtu wa pili kuyakubali. Hapo hata nikikuibia nenosiri nitakuwa na kazi.

Kuhusu nenosiri: nimeangalia ukurasa wa maktaba yako, na anwani ya barua pepe uliyoiandika pale bado ni ile ya mwanafunzi. Kama ndiyo iliyofungua akaunti yako ya PyPI, ibadilishe leo kabla hujamaliza kusoma gazeti. Mei 2022 kifurushi cha PyPI kiitwacho ctx kilitekwa hivi: jina la tovuti lililobeba barua pepe ya mwenyewe lilikuwa limeisha muda, mtu akalinunua, akaomba nenosiri jipya, likamfikia yeye. Chuo kikifunga anwani yako ya zamani au kumpa mwingine, huna tena njia ya kurudi.

Nimeipakua maktaba yenyewe na kuipitia usiku mmoja. Imeandikwa vizuri, na kuna jambo lililonisimamisha. Kwenye faili la majaribio, linalokagua kama maktaba inajibu sawa, una mistari miwili iliyofuatana: 25000 inatarajiwa kutoa "ishirini na tano elfu", na 20005 inatarajiwa kutoa "elfu ishirini na tano". Hakuna neno la maelezo. Mimi nimeelewa kwa sababu nimewahi kuona hundi ikigombaniwa: ukiandika "elfu ishirini na tano" kwa zote mbili, benki haijui kama ni 25,000 au 20,005, na tofauti ni shilingi 4,995. Lakini mtunzaji mpya ataona 25,000 imeandikwa tofauti na anavyosema mtaani, ataiona kama kosa, ataisahihisha, atabadili na jaribio lake ili lipite, na kila kitu kitaonyesha kijani. Vocha za Moshi zitaanza kuwa na utata siku hiyohiyo.

Usiku mmoja mtoto akilala, andika faili la kurasa mbili lenye sababu za namna hii. Kwa nini 250,000 ni "laki mbili na hamsini elfu" wakati watu husema laki mbili na nusu. Kwa nini senti hazitajwi zikiwa sifuri. Kwa nini ulimkatalia yule aliyetaka uongeze dola. Msimbo unaonyesha ulichofanya. Sababu ziko kichwani mwako, na ukiondoka nazo hakuna wa kuzitafuta.

Halafu kuna vitu vidogo ambavyo watu huvisahau, nami nakutajia bila kuvipamba: ukurasa wa maelezo ya matumizi, tokeni za zamani ulizowahi kuzitengeneza (zifute zote), anwani ya kupokea taarifa za udhaifu wa usalama, na kundi la WhatsApp la watumiaji, kama lipo na wewe ndiwe msimamizi pekee. Ukihamisha hazina kwenda akaunti ya pamoja, GitHub inahamisha na taarifa zote za hitilafu na inaelekeza anwani ya zamani kwenye mpya. Usije ukafungua hazina nyingine yenye jina lilelile kwenye akaunti yako, maana ule mwelekeo utakatika.

Jina lako halifutiki. Leseni ya MIT inataka tamko la hakimiliki libaki kwenye kila nakala, na historia ya hazina inaonyesha nani aliandika mstari gani na lini. Watakaokuja wataongeza yao chini ya lako. Ubaki mwenye mradi kimya kwa mwaka mmoja hivi, bila kujibu hitilafu, ili mambo yakiharibika pawepo mtu wa kuzuia. Kisha jitoe kabisa na utangaze kwamba umejitoa.

Na asipopatikana mtu? Funga. Tangu Januari 2025 PyPI ina njia rasmi ya kutangaza kwamba mradi umehifadhiwa na hautapata matoleo mapya, na GitHub inakuruhusu kuifanya hazina iwe ya kusomwa tu. Andika juu ya ukurasa wa kwanza kwamba huitunzi tena, tangu lini, na kwamba anayetaka aiendeleze kwa jina jingine. Wenzetu wa ule mradi wa Debian wana orodha ya wazi ya vifurushi vinavyotafuta mlezi na vilivyokwisha kuwa yatima, na hakuna anayechekwa kwa kuwemo. Maktaba iliyofungwa kwa tangazo bado inageuza 1,340,500 kuwa maneno sahihi. Mhasibu wa Moshi hatapungukiwa na kitu kesho asubuhi.

Wale wawili waliokufokea usiwajibu. Ulichowapa watu ulitoa bure, leseni yenyewe inasema hutoi dhamana yoyote, na mtoto wako ana haki kubwa zaidi juu ya usiku wako kuliko mgeni mwenye haraka. Neno choyo lifute kabisa kwenye barua yako.

SWALI

Habari mwalimu. Sisi ni kampuni ndogo ya mifumo ya hoteli hapa Mombasa. Maktaba moja tunayoitegemea kusoma mafaili ya Excel imefungwa na mwenyewe bila mrithi. Bosi amepaniki, anataka tuandike upya mfumo mzima. Tufanyeje?

Msomaji, Mombasa

JIBU

Mwambie bosi akae kwanza. Kufungwa hakuizuii kufanya kazi. Kunamaanisha kwamba tundu la usalama likigunduliwa kesho hakuna atakayeliziba. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni maktaba hiyo inagusa nini. Ingekuwa inapanga tarehe tu, ningewaambia mkae nayo miaka. Yenu inasoma mafaili yanayotumwa na wageni na mawakala, yaani inafungua vitu kutoka nje, na hiyo ndiyo aina ya kuhama mapema. Leo hii funga toleo mnalotumia kwa namba yake na alama yake ya uhakiki, ili kisije kikaingia kingine kwa jina lilelile. Kisha tafuta kama kuna waliochukua nakala na kuiendeleza. Soma kazi yao na uwaulize maswali kabla hamjawaamini.

Na kuna jambo jingine ambalo kampuni zetu hazipendi kulisikia. Mmekuwa mkiuza mfumo huo kwa hoteli, na mwenye maktaba hakuwahi kuona shilingi wala saa moja ya fundi wenu. Mwaka 2014, tundu la Heartbleed lilipogunduliwa kwenye OpenSSL, dunia nzima ilishtuka kusikia kwamba programu iliyolinda sehemu kubwa ya intaneti ilikuwa ikipata michango ya takribani dola 2,000 kwa mwaka. Mkipata nakala yenye watu makini, mpe fundi wenu nusu siku ya kazi kila wiki awasaidie, na ihesabiwe kama kazi ya kampuni. Ni nafuu mno kuliko kuandika mfumo upya.

SWALI

Dada, kampuni ya nje inataka kuninunulia maktaba yangu ya JavaScript pamoja na jina la tovuti inakopakuliwa. Hela ni nzuri. Kuna ubaya?

Msomaji, Unguja

JIBU

Waulize wanapata nini. Msimbo wako ni bure, kwa hiyo wanacholipia ni wale watu ambao kurasa zao zinaita tovuti yako kila zinapofunguliwa. Februari 2024 kampuni moja ilinunua polyfill.io, tovuti iliyokuwa ikizipa kurasa za watu msimbo wa JavaScript; ilinunua jina la tovuti na akaunti ya GitHub pamoja. Andrew Betts, aliyeuanzisha mradi ule, aliwatahadharisha watu palepale waiondoe kwenye kurasa zao. Kufikia Juni tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa zikiwapelekea wageni wao msimbo wenye hila bila wenyewe kujua.

Ukitaka hela kwa kazi yako, ni haki yako: uza huduma, uza saa zako za kuwarekebishia, uza toleo maalumu. Jina la tovuti baki nalo, ulilipie kila mwaka hata ukiacha kuandika msimbo. Na kama ni lazima uuze, watangazie watumiaji miezi kadhaa kabla, uwape muda wa kuchukua nakala yao na kuondoka, na umtaje mnunuzi kwa jina. Mnunuzi akikataa kutajwa, usiuze.